Mvua inanyesha mkoa wa jirani, mafuriko yanakuja kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tahadhari za mafuriko. Kila masika yakianza tunasikia redioni na kusoma kwenye simu taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA: mvua kubwa inatarajiwa katika maeneo machache ya mikoa fulani na fulani, kisha inatajwa ngazi yake, kama ni angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Kazi hiyo sasa inafanywa vizuri kuliko miaka ya nyuma na nawashukuru wanaoifanya. Lakini kwa sisi tunaoishi kando ya mito mikubwa, taarifa ya mvua ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mto wenyewe: huko juu umefika wapi, unashuka kwa kasi gani, utatufikia lini na utapanda mpaka wapi. Nusu hiyo hupimwa kila siku, ila mara nyingi haimfikii mtu ambaye nyumba yake ndiyo itakayoingia maji.

Nasema hivyo kwa sababu kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma kipimo cha mto. Kituo changu sikitaji, maana sikuandika barua hii kumshtaki mtu. Wasioijua kazi hii niwaeleze. Kando ya mto, chini ya daraja au kwenye ukingo ulio imara, hupigiliwa mbao zilizochorwa mita na sentimita, moja juu ya nyingine kama ngazi. Ubao wa chini ni wa kiangazi. Wa katikati unaguswa na maji mvua zikikolea. Ule wa juu kabisa unaweza kukaa miaka bila kulowa, ukapauka kwa jua mpaka namba zikawa hazisomeki. Msoma kipimo huenda asubuhi na jioni, anasoma maji yalipoishia, anaandika kwenye daftari, kisha anaituma namba ofisini. Mto ukianza kuchafuka, ukaleta povu, majani na magogo, hangoji jioni. Anakwenda kila saa. Na mbao zikisombwa, kwa sababu husombwa, anachomeka vigingi mwenyewe kwenye ukingo ili asipoteze hesabu.

Jirani zangu hawakuhitaji sentimita. Jioni walinipitia njiani wakaniuliza, “Mzee, mto umesemaje leo?” Nami niliwajibu kwa alama wanazozijua: umefika kwenye jiwe la kufulia, umelowesha mizizi ya mkuyu, umebakiza kidogo kufika kwenye kalvati. Mama mwenye mpunga shambani alijua hapo hapo kama alale au akavune usiku. Hayo yalikuwa mazungumzo ya barabarani tu, hayakuandikwa kwenye utaratibu wowote. Utaratibu ulisema namba iende ofisini, nayo ilikwenda.

Mwaka mmoja mto ulipanda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na kwetu mbingu zilikuwa nyeupe. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Vijiji vya chini watu walikuwa wameanika mpunga kwenye mikeka na watoto walikuwa shuleni. Namba niliituma ikapokelewa. Kisha nikapiga simu kwa niliowajua huko chini: binamu yangu, fundi baiskeli mmoja, na mwalimu niliyesali naye zamani. Maji yalipofika usiku ule, watu wa vitongoji vya hao niliowapigia walikuwa wameshapandisha mpunga, mbuzi na wazee kwenye mwinuko. Kitongoji kilichofuata, ambako sikuwa na ndugu wala rafiki, waliamshwa na maji chini ya vitanda. Hawakufa, namshukuru Mungu. Ila mavuno yote yalikwenda, na nyumba za udongo zilipokauka zilianguka moja baada ya nyingine kwa muda wa wiki nzima. Jambo hili halijanitoka moyoni. Mtu kuokoka au kutookoka kusitegemee kama ana binamu anayeishi juu ya mto.

Ndugu Mhariri, tatizo linaanzia kwenye ramani tunayoitumia. Taarifa za hali ya hewa hutolewa kwa mikoa, na ni sawa, kwa kuwa mvua hunyesha mahali na mahali pana jina. Mto haufuati mipaka ya mikoa. Chukua Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulibomoa tuta, ukaingia mjini, ukakata reli ya kati na kuacha maelfu bila makazi. Maji ya Mkondoa yanatoka wapi? Sehemu kubwa huja na mto Kinyasungwe kutoka Dodoma, kutoka Kongwa na Mpwapwa, nchi tunazozijua kwa ukame. Sasa mkulima wa Kilosa akisikia redio inasema mvua kubwa inatarajiwa mkoa wa Dodoma, kwa nini ashtuke? Yeye yuko Morogoro. Anapunguza sauti ya redio anaendelea na shughuli zake, na taarifa iliyomhusu kuliko mtu yeyote imempita.

Ndivyo ilivyo kwa mito karibu yote mikubwa. Pangani unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unakwenda kuwasumbua watu wa Korogwe. Ruvu unazaliwa Uluguru ukafurikia mkoa wa Pwani. Kagera unatuletea mvua za Rwanda na Burundi. Majirani zetu Kenya wanalijua hilo kwa mto Tana: mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, watu wa Garissa, ambako ni nadra kuona wingu, ndio wanaohama. Na Rufiji ndiyo mama yao yote kwetu. Bonde lake ni karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji yanayopita Utete na chini ya Daraja la Mkapa yametoka Usangu, Iringa, Njombe, bonde la Kilombero na milima ya kusini inakotoka Luwegu. Mtu wa Mohoro akitaka kujua usalama wake, kutazama mawingu ya Mohoro hakumsaidii sana.

Hapa kuna jambo la hesabu ambalo ningependa wasomaji wako walifahamu, kwa sababu linaonyesha kwamba muda wa kujiokoa upo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ikinyesha kwenye kilomita moja tu ya mraba, ni lita milioni 50. Zidisha mara kilomita elfu moja za mraba, eneo ambalo kwenye bonde kubwa ni kona tu, uone mzigo ulioko njiani. Si zote zitafika mtoni. Novemba ardhi ina kiu, inakunywa nyingi. Aprili ardhi imeshashiba, haina pa kuyaweka, kwa hiyo mvua ile ile iliyopita kimya mwanzoni mwa msimu inaweza kuleta mafuriko mwishoni. Ndiyo maana milimita peke yake hazimwambii mtu hatima yake. Lakini mto nao una mwendo wake. Maji yanayokwenda kama mtu anayetembea, tuseme kilomita nne kwa saa, kwa siku na usiku wake yamesogea karibu kilomita 100, na yakikuta mbuga na vinamasi kama vya Kilombero yanachelewa zaidi. Kwa hiyo anayeishi kilomita 200 au 300 chini ya kipimo ana siku mbili au zaidi za kujiandaa, ilimradi mtu amwambie.

Tume ya Dunia ya Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi ilieleza mwaka 2019 kwamba tahadhari inayotolewa saa 24 kabla inaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Machi 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza lengo la kila mtu duniani kufikiwa na tahadhari za mapema ifikapo 2027. Ni maneno mazuri. Mimi nayapima kwa kipimo kimoja tu: je, namba inayosomwa asubuhi kule juu inamfikia mwenyekiti wa kitongoji kule chini kabla ya magharibi?

Makorongo ni habari nyingine. Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang liliishukia Katesh ghafla, na kwa maafa ya namna ile hesabu ya siku mbili haipo. Huko kinachohitajika ni ulinzi wa aina yake ambao wataalamu wa miamba na udongo wanaujua kuliko mimi. Ninazungumzia mito mirefu, ile inayotupa muda nasi tunaupoteza.

Masika ya 2024 yalituonyesha. Aprili 25 mwaka huo Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua zile zilikuwa zimeua watu 155, kujeruhi 236 na kuathiri zaidi ya kaya 51,000. Rufiji na Kibiti zilikuwa kama bahari. Ubishi mkubwa ukazuka kuhusu bwawa jipya la Julius Nyerere, kama limeyaongeza mafuriko au limeyapunguza. Mimi ubishi huo siuingii. Bwawa lipo, na litakuwepo wajukuu zetu watakapokuwa wazee. Ninachoomba ni kwamba kila maji yanapofunguliwa, anayekaa chini aambiwe kwa lugha ya mahali anapokaa. Ukimwambia mkulima kwamba zinaachiwa mita za ujazo kadhaa kwa sekunde, humwambii kitu. Mwambie maji yatapanda kiasi gani kwenye nguzo iliyopakwa rangi pale kivukoni, na kwamba yataanza kupanda Jumatano usiku.

Kuna watu wanaosema dawa ni moja, watu wahame mabondeni. Husema hivyo kila mwaka, na sheria ya mita 60 kutoka ukingo wa mto ipo. Sipingani na sheria. Lakini Warufiji hawakai bondeni kwa ukaidi. Maji yanapopungua yanaacha udongo wa rutuba, na kilimo cha mlau, yaani kulima kwenye udongo huo ulioachwa na maji, hutegemea hayo hayo mafuriko tunayoyaogopa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda miinuko, wakahama, kisha wakawa wanarudi kulima bondeni na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu chakula kilikuwa bondeni. Mtu wa namna hii anaishi na mto. Ukimwambia kila mwaka “hama” bila kumwambia siku, umemwambia ahame maisha yake. Ukimwambia “kuanzia kesho kutwa usiku, kwa siku kumi, usilale kwenye dungu”, atakusikia, kwa kuwa umemwomba jambo linalowezekana.

Nitaandika hapa tangazo ninalotamani kulisikia, ili isionekane nalalamika bila kuonyesha njia. “Ndugu wananchi, leo asubuhi mto huko juu umepita alama nyekundu na bado unapanda. Maji yatafika kijijini kwetu kesho kutwa kuanzia saa sita usiku. Yatafunika mashamba yote yaliyo chini ya barabara na nyumba zilizo nyuma ya soko, yatafika ngazi ya pili ya shule. Vuneni kinachovunika. Wenye mifugo wapitie njia ya juu, ile ya bondeni itafungwa na maji mapema. Wagonjwa, wazee na wajawazito wahamishwe kesho mchana, si usiku. Tutawatangazia tena kesho jioni, na mto ukishuka tutawaambia siku ya kurudi.” Tangazo lenyewe ni la dakika moja. Halihitaji ramani ya rangi kwenye simu ambayo haifunguki. Linaweza kusomwa kwenye kipaza sauti cha msikiti na kanisani, kwenye redio jamii, na mjumbe mwenye baiskeli anaweza kulipeleka kwenye kambi za wavuvi ambako mtandao haushiki.

Nimetaja mchana kwa makusudi. Watu wengi mto hauwakuti nyumbani, unawakuta njiani wakikimbia gizani. Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuielesha gari ndogo na kuisukuma. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, na hilo macho hayalioni. Juu ya barabara iliyofunikwa na maji ya udongo huwezi kujua kama barabara bado ipo. Nimeona kalvati lililoliwa kwa chini, juu limebaki jembamba, na pikipiki zinapita. Madereva wa mabasi na vijana wa bodaboda nawasihi, abiria akisema “pita tu, mbona yule kapita”, usimsikilize. Yule alipita dakika kumi zilizopita, na mto si ule tena.

Sasa nani alisome tangazo hilo? Hapa ndipo panapouma. Mvua ni ya TMA, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi. Kiwango cha mto ni cha bodi za maji za mabonde, tunayo mabonde tisa, chini ya Wizara ya Maji. Bwawa kubwa la umeme liko upande wa Nishati. Maafa yako Ofisi ya Waziri Mkuu. Mtendaji wa kijiji yuko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Namba moja ya asubuhi inatakiwa ipite milango mitano ndipo imfikie mama aliyeanika mpunga, na kila mlango una saa zake za kazi, una mkuu wake wa kuidhinisha, na una Jumapili. Mto hauna Jumapili. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kamati za maafa zimewekwa mpaka ngazi za chini. Basi kamati ya kijiji kilicho kando ya mto iwe na haki ya kupokea namba ya kipimo cha juu moja kwa moja, siku ile ile, bila kungoja barua. Mkubwa apate nakala. Kijiji kipate habari kwanza.

Na alama ziwekwe kabla ya msimu. Rangi ya mafuta na brashi havimshindi mtu. Nguzo ya umeme, ukuta wa zahanati, mguu wa daraja, mti mkubwa pale kijijini, vyote vinafaa. Wazee waulizwe maji ya 1974 yalifika wapi, ya 1998 wapi, ya 2024 wapi, ichorwe mistari na miaka yake. Mtoto wa shule akipita kila siku mbele ya mstari ulio juu ya kichwa chake, hahitaji semina.

Wale wasoma vipimo waliobaki nao wakumbukwe. Najua siku hizi kuna mitambo inayojisoma yenyewe na kutuma namba kwa mtandao, nami naikubali, ijengwe mingi. Lakini betri huibiwa, minara ya simu huzimika mvua ikizidi, na usiku ule unaohitaji namba kuliko usiku wote ndio usiku ambao mtambo unaweza kusombwa. Mtu mwenye tochi, buti na vocha kwenye simu bado anahitajika. Posho yake ilipwe kwa wakati na mbao zilizosombwa zirudishwe kiangazi, zisingoje maji yarudi.

Lipo pia suala la kuaminiana. TMA wakisema kuna uwezekano wa mvua kubwa, isiponyesha watu husema wamedanganywa, na safari inayofuata hawasikii. Uwezekano si ahadi, hilo wananchi tuelewe. Ila na wataalamu watusaidie kwa kurudi baada ya tukio na kusema: tulitarajia hivi, imekuwa hivi, maji yaliishia hapa kwa sababu hii. Jirani zangu waliniamini kwa sababu hata siku mto uliposhuka kinyume na nilivyotegemea, niliwaambia.

Nina ombi moja kwako, Ndugu Mhariri. Msimu wa mvua ukifika, tenga kona ndogo ukurasa wa pili, karibu na utabiri wa hali ya hewa, uandike kiwango cha mito mikubwa kilivyosomwa jana: Kilombero, Ruaha Mkuu, Wami, Ruvu, Pangani, Kagera, Mara, kila mmoja na kama unapanda au unashuka. Bodi za mabonde wanazo namba hizo. Waandishi wako wakizipata, wakakwama kuzisoma, mimi niko tayari kukaa nao siku yoyote.

Wako,
Msoma kipimo cha mto, mstaafu